Ultrasaundi katika Kliniki ya Viungo: Kwanza Uwe na Swali

Madaktari wanaotaka kuanza kutumia ultrasaundi katika kliniki ya magonjwa ya viungo huniuliza wanunue mashine gani. Huwajibu kwamba kabla ya mashine kuna jambo jingine, nalo ni kujua unataka picha ikujibu nini hata kabla hujapaka jeli. Mgonjwa wa baridi yabisi anayelalamika kwamba vidole humkakamaa kila asubuhi, ilhali nikivibonyeza sigusi uvimbe wowote wa dhahiri, ananipa swali halali: utando wa ndani ya viungo una mchochota, au maumivu yanatoka kwingine? Hilo mashine hulijibu kwa dakika chache. Lakini ukimpitia mgonjwa mwili mzima ukitafuta lolote litakalojitokeza, hutakosa kitu, kwa kuwa hata watu wenye afya huweza kuwa na majimaji kidogo katika viungo, hasa penye shina la kidole gumba cha mguu, na mwisho wake utajikuta unatibu picha.

Kwa viungo vidogo vya mkono hutumia kichwa cha mashine kilichonyooka, chenye masafa ya juu, yaani MHz 15 hadi 18, kwani masafa hayo huonyesha vizuri vilivyo karibu na ngozi ingawa hayafiki mbali. Nyonga ya mtu mnene huhitaji kichwa cha mbinuko chenye masafa ya chini. Jeli usiifanyie ubahili. Mkono wako ukilemea hata kidogo, mishipa midogo ya damu iliyo katika utando wenye mchochota hubanwa, na ile rangi ya Doppler, inayoonyesha damu inayotiririka, ambayo ndiyo ushahidi wako mkubwa kwamba ugonjwa bado unaendelea, hutoweka. Anayeanza na ajaribu mwenyewe: apate kifundo cha mkono kinachoonyesha rangi tele kwenye skrini, agandamize polepole, kisha aachilie, rangi itazimika na kurudi mbele ya macho yake. Mimi hukiegemeza kidole changu cha mwisho kwenye mkono wa mgonjwa ili uzito ubebwe na kidole, na kichwa cha mashine kielee juu ya jeli. Mikono iliyoingia ikiwa baridi huiacha ipate joto kwanza, kwa sababu baridi nayo hupunguza damu.

Kano zina hila zake. Mawimbi yasipozipiga wima, kano nzima huonekana nyeusi kana kwamba imechanika, kwa hiyo kabla ya kuandika hivyo kwenye faili, inamisha kichwa cha mashine huku na huku. Weusi ukiondoka, hakuna kilichochanika. Mmomonyoko wa mfupa nao usiuamini mpaka uuone kwa urefu na kwa upana.

Jongo ndilo ugonjwa unaonifanya nisiachane na mashine hii. Fuwele za yureti hutanda juu ya gegedu na kufanya mstari mweupe wa pili sambamba na ule wa mfupa, na vigezo vya jongo vya mwaka 2015 vya ACR na EULAR, yaani vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya, vinautambua mstari huo. Fuwele za kalsiamu pirofosfeti, ziletazo ugonjwa unaofanana na jongo, kwa upande wake hukaa ndani ya gegedu lenyewe. Kwenye goti, mwambie mgonjwa alikunje kabisa, la sivyo sehemu kubwa ya gegedu itabaki imefichwa na kilegesambwa. Kuvuta majimaji na kuyatazama kwa hadubini bado ndiko kunakokata shauri, ila sasa unaiona sindano ikiingia mahali pake. Mgonjwa aliyechoka kumeza dawa kila siku humgeuzia skrini nikamwonyesha fuwele zake, na hapo mazungumzo hubadilika.

Katika kuwaongezea dawa wagonjwa wa baridi yabisi ninajizuia. Majaribio ya TaSER ya Uskoti na ARCTIC ya Norwei, yote yaliyochapishwa mwaka 2016, yalilinganisha matibabu yaliyoongozwa pia na ultrasaundi na yale yaliyofuata uchunguzi wa kawaida pekee. Waliopimwa walipewa dawa nyingi zaidi, lakini lengo kuu la utafiti halikuonyesha kwamba waliwazidi wenzao. Kwa hiyo rangi kidogo katika kiungo kimoja cha mtu anayejisikia vizuri hainifanyi nimwongezee dawa. Akitaka kupunguziwa, hapo huitazama kwa makini, maana mwenye rangi hiyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kumrudia.

Mgonjwa mmoja tu hasubiri foleni yangu: aliyepita miaka 50, anayeumwa kichwa kwa namna mpya na taya zinazochoka anapotafuna. Hizo ni dalili za mchochota wa ateri ya panja, mshipa wa damu ulio kando ya kichwa. Ateri hiyo ikiwa na mchochota huzungukwa na duara jeusi kwenye skrini, na steroidi hulififisha duara hilo katika siku chache, ilhali kuchelewesha steroidi kunaweza kumpofusha. Mwanzishie dawa papo hapo, kisha umpime siku hiyohiyo au kesho yake.