Elfu kumi ya mezani, kausha damu, na jina kwenye hati: majibu ya maswali yenu

Nilipowauliza kwenu nani anashika hela ya nyumba na anaishikaje, sikutegemea meseji zije nyingi hivi, na nyingine zimeniumiza kwa kweli. Nimechagua chache, majina nimeyatoa. Mimi nimekaa mweka hazina wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, miaka tisa hapa Morogoro, kwa hiyo naongea kwa kuona, hela za familia nyingi zimepita kwenye lile sanduku letu la kufuli tatu na mara nyingi nilikuwa najua nyumba ipi imeyumba kabla majirani hawajajua.

"Mume wangu ana mshahara wa mwezi, ila mimi ananiachia elfu kumi kila asubuhi. Tuko sita. Jioni nikisema haijatosha ananiambia sijui kubajeti, mama yake alikuwa analisha watu kumi. Kweli sijui?" Mama Watatu, Mbagala

Unajua dada yangu, tena unajua sana, kulisha watu sita kwa elfu kumi bila mtu kulala njaa hiyo ni kazi na nakupa heshima yako. Shida ni kwamba anayetoa hela na anayeiendesha ni watu wawili, na nyumba nyingi yule anayetoa ndo anajiona meneja. Mumeo anajua elfu kumi tu. Wewe ndo unajua fungu la mchicha limepungua, nyanya zimepanda, mtoto wa kwanza anataka hela ya mtihani, na gesi ina siku mbili iishe.

Ila kuna kitu nataka mkiangalie wote wawili nacho ni hiyo hela ya siku. Hela ya siku inakulazimisha ununue vya kupima, mafuta ya mia tano, sukari robo, mkaa wa kopo, sabuni kipande, na vya kupima ndo ghali kuliko vyote hapo dukani kwa Mangi, ukija kujumlisha unakuta dumu zima umelilipia na zaidi ya dumu. Piga hesabu, elfu kumi kwa siku thelathini ni laki tatu. Mshahara ukitoka atoe laki na sitini siku hiyo hiyo, mnunue unga, mchele, maharage, dumu la mafuta, sukari, sabuni, na gunia la mkaa au mjaze mtungi. Inabaki laki na arobaini, ukiigawa kwa siku thelathini unapata elfu nne na mia sita na kitu kila siku, hiyo ni ya mboga na nyanya na vitunguu na vile vidogo vya watoto. Hajaongeza hata mia. Na muende sokoni wote, hilo nalisisitiza, maana mwanaume akisimama mwenyewe mbele ya kiroba cha mchele akasikia bei kwa masikio yake maneno ya "hujui kubajeti" yanapungua bila wewe kugombana naye.

Kuhusu mama mkwe usibishane. Mpigie siku moja mumeo akiwa hapo, kwa heshima zote, muulize mama enzi zile ulikuwa unanunua nini dukani na nini kilikuwa kinatoka shambani. Kama alikuwa na mihogo, kuku na mchicha wa uani basi mwanae atasikia mwenyewe.

(Wenye waume wa boda na vibarua najua mtasema kwetu hela inaingia kwa siku, huo mshahara wa kutoa laki na sitini uko wapi. Kwenu nyie ni kibubu, kila siku kabla ya kutoa ya mboga inadondoka elfu mbili tatu ya unga na mafuta, ikifika ya kiroba kizima mnavunja. Inachukua muda kuzoea ila inawezekana, nimeona wanawake wa kikoba chetu wakiifanya.)

"Mimi fundi magari, mke wangu mwalimu. Kodi, chakula, ada vyote juu yangu. Mshahara wake sijui hata ni kiasi gani, nikiuliza anasema pesa ya mwanamke ni yake. Dini inasema hivyo kweli?" Fundi, Tanga

Kwa Uislamu, ndiyo kaka, hapo mkeo hajakosea. Masurufu ya mke na watoto yako kwa mume, na alichochuma mke kwa jasho lake ni mali yake, akikutolea ni hisani na ana thawabu zake, huwezi kumdai. Na siyo dini tu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 63 inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe. Wengi hawaisomi mpaka mwisho lakini, maana kifungu hicho hicho kinasema mke mwenye uwezo naye atamtunza mumewe pale mume anaposhindwa kujitafutia riziki kwa ajili ya ugonjwa au kuumia. Kwa hiyo usidhani mizani yote iko upande mmoja.

Sasa nikuulize na mimi, naomba ujijibu kwa ukweli. Yeye anajua gereji inakuingizia kiasi gani? Anajua unadaiwa spea na nani? Maana wanaume wengi wananiandikia wanataka kuona mshahara wa mke na wao wenyewe hawajawahi kumwonyesha salio hata siku moja, na mwanamke akiona mwenzie kafunika anafunika zaidi, anajiwekea akiba ya siku ya kuachwa. Anza wewe. Kaa naye mfungulie hesabu za gereji za miezi mitatu, mwezi mzuri na mwezi mbaya, usimwombe chochote siku hiyo. Halafu baadae kama umebanwa usimwambie "na wewe uchangie", hilo halina mwisho na yeye analiogopa, omba kitu chenye jina na kiasi, mfano ada ya huyu mdogo muhula huu laki mbili. Akikukopesha andikeni, Qur'an yenyewe imeagiza deni liandikwe, na umrudishie siku uliyosema. Ukimlipa mara moja kwa wakati utashangaa mara ya pili anavyotoa.

"Nauza chapati. Nimekopa sehemu tatu, zile kausha damu, mikopo ya riba kubwa, rejesho zote kwa siku ni elfu ishirini na mbili na siku nzuri napata faida elfu kumi na tano. Mume hajui. Wa nne amekubali kunipa, nichukue?" Dada wa Buhongwa, Mwanza

Usichukue. Nakuomba kama mdogo wangu.

Angalia namba zako mwenyewe. Siku nzuri unapungukiwa elfu saba, wiki nzima ya siku nzuri tupu unakuwa nyuma elfu arobaini na tisa na hapo hujala, hujanunua unga wa kesho. Huyo wa nne kazi yake itakuwa ni kulipa hilo pengo, yaani unamkopa yeye ili uwape wale, na wiki tatu zijazo utakuwa unatafuta wa tano. Chapati zako hazina kosa. Hakuna biashara ya chapati inayoweza kubeba rejesho la namna hiyo, na ukizidi kujilaumu kwamba hujitumi utajiua kwa kazi na deni litabaki pale pale.

Leo chukua karatasi. Andika kila mkopeshaji, ulichukua kiasi gani mkononi, umeshalipa kiasi gani, wanasema umebakiza kiasi gani, na wameshika nini chako, kadi ya benki, kitambulisho, televisheni, chochote. Wengi wakiandika ndo wanagundua ule wa kwanza wameshaulipa na ukapita. Halafu mwambie mumeo na hiyo karatasi ikiwa mkononi, usimwambie kwa maneno matupu, maana maneno matupu yanamfanya awaze kiasi kikubwa kuliko kilichopo. Kama unamwogopa awepo mtu mzima mnayemheshimu wote, mshenga au shangazi.

Ntakwambia la kwangu. Mwaka wa tano wa kushika sanduku nilijikopea laki sita kwenye kikoba, kihalali, wanachama walijua, ilikuwa ya matibabu ya dada yangu. Mume wangu sikumwambia, nilijiambia ntarudisha kimya kimya. Akaja kulisikia msibani kutoka kwa mume wa mwenzangu. Hela hakuiuliza hata kidogo. Aliniuliza tu, "kwa nini nijue mwisho?" na mpaka leo swali hilo sijapata jibu lake. Wewe bado una nafasi ya kumwambia mwenyewe.

Baada ya hapo nendeni wote kwa wakopeshaji muombe rejesho lishushwe liwe la wiki, anayetaka hela yake irudi huwa anasikiliza. Muombe nakala ya mkataba na muulize leseni. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni na Benki Kuu inapokea malalamiko, kwa hiyo anayekutisha kuja kukuchukulia vitu ndani bila mkataba wa maana usimwachie akufanye mateka. Na namba ya siri ya kadi yako kama anayo, nenda benki kaibadilishe.

"Tumepata kiwanja, mume anataka kuandika jina lake peke yake kwa sababu mimi ni mama wa nyumbani na hela ni yake. Nikubali yaishe?" Asiye na kazi, Dodoma

Kwanza hilo jina ulilojipa silikubali. Una kazi, ila hailipwi.

Mwaka 1983 kulikuwa na kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali waliyochuma pamoja. Na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinataja mchango wa fedha, wa mali au wa kazi. Kwa hiyo hata jina likiwa lake peke yake hujatoka mikono mitupu. Ila usitegemee hilo ukaacha la leo, kwa sababu kifungu cha 60 kinasema mali iliyo kwenye jina la mmoja itahesabiwa ya kwake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwenye majina ya wote itahesabiwa mna haki sawa. Umeona tofauti? Jina moja, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako, mbele ya hakimu, na risiti huna. Majina mawili, wa kuthibitisha ni yule anayepinga.

Mkijenga mkahamia na ikawa nyumba yenu ya ndoa, kifungu cha 59 hakimruhusu kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, na una haki ya kuweka zuio kwa msajili wa hati. Lakini jamani mambo ya zuio ni ya watu walioshafika pabaya. Mwambie sasa hivi, kwa upole, kabla ya kusaini, kwamba majina mawili yanamlinda na yeye, akitangulia yeye ndugu zake hawatapata la kukwambia kwamba wewe na watoto mpo pale kwa hisani.

"Luku anunue nani?" Mpangaji, Kinondoni

Mkubaliane, ila anunue mmoja na ahifadhi meseji za tokeni, ndo mtajua mwezi mmekula umeme kiasi gani. Kumbukeni pia tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku na ile ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo wakati wa kulipa pango ongeeni naye muikate.

"Mke wangu ndo anashika kila kitu, namtumia mshahara wote naye ananipa ya nauli. Maisha yanaenda vizuri, tumejenga, ila wenzangu kazini wananicheka. Nakosea?" Baba Junior, Arusha

Hukosei hata kidogo, umempa hela anayeijua na matokeo unayaishi, umelala kwako. Wanaokucheka waache.

Ila nina jambo moja na wewe. Unajua hela iko wapi? Siyo kiasi, nauliza iko wapi. Akaunti ngapi, benki gani, laini gani ya simu ina salio, kikoba gani ana hisa na mwenyekiti wake ni nani, nani anamdai na yeye anamdai nani. Nauliza kwa sababu kwenye kikoba chetu tulimzika mama mmoja aliyekuwa anashika kila kitu kama mkeo, mwaminifu kabisa, na mumewe alikuja kwetu wiki ya pili akiwa na simu iliyofungwa, hajui namba ya siri, hajui hata kama tulikuwa na hisa zake. Za kwetu tulimpa kwa sababu daftari lilikuwepo. Za benki alisumbuka miezi, maana ukifa akaunti yako inasimama mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na yeye hakujua hata aanzie benki ipi, na ada ya watoto ilikuwa inadaiwa.

Kwa hiyo endelea kumpa mshahara wote. Ila mwezi ukiisha kaeni nusu saa na daftari akupitishe mstari kwa mstari, siyo kwa kumkagua, akufundishe. Na leo usiku muulize hilo daftari linakaa wapi.