"Hätte gern" ni -nge- yetu tu

Ndugu, umeuliza kwa nini dukani Ujerumani watu husema "Ich hätte gern zwei Brötchen" (ningependa mikate midogo miwili) wakati hapo hakuna "kama" yoyote ya sharti. Hiyo hätte ichukulie kama -nge- yetu. Sisi nasi tunasema "ningependa chai" bila sharti lolote, tunalainisha ombi tu. Könnte (ningeweza) na würde (-nge- inayofuatwa na kitenzi kingine) hufanya kazi hiyohiyo. Ukisema "Ich will Brot" (nataka mkate) utaeleweka, ila utasikika kama mtoto anayedai pipi.

Angalia sana zile nukta mbili juu ya herufi. "Konnten Sie mir helfen?" inauliza habari za jana: uliweza kunisaidia? "Könnten Sie mir helfen?" ndilo ombi: ungeweza kunisaidia? Mimi nilizichanganya miezi mingi, watu wakawa wananikodolea macho.

Kitenzi kikuu nacho husukumwa mwisho kabisa: "Könnten Sie bitte das Fenster zumachen?" (tafadhali, ungeweza kufunga dirisha?), ambapo zumachen ndiyo "kufunga". Kwa rafiki sema "Könntest du" badala ya "Könnten Sie". Na usitegemee bitte (tafadhali) peke yake. "Geben Sie mir bitte Wasser" (nipe maji tafadhali) bado ni amri, hata ikivaa kanzu.