Kwa unayeanza kuchunguza vimelea vya magonjwa

Siku utakayokabidhiwa bakteria wako wa kwanza, usikimbilie jaribio. Waoteshe, wachanganye na gliseroli, kimiminika kinachowakinga wasife wakigandishwa, wagawe kwenye vichupa vidogo, andika jina na tarehe, kisha uwaweke kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila jaribio jipya lianzie hapo, si kwenye sahani iliyokaa wiki kadhaa kwenye jokofu. Wanafunzi wengi huiona hii kuwa kazi ya karani. Mimi nawasisitizia kila mara, kwa sababu bakteria anayeoteshwa tena na tena habaki yule yule. Ndani ya chupa hakuna kinga ya mwili ya kupambana nayo, hivyo jeni alizozitumia kumdhuru mtu zaweza kupotea naye asidhurike chochote.

Mfano upo, nao ni mkubwa. Mwaka 1908 watafiti Calmette na Guérin, nchini Ufaransa, walianza kuhamisha Mycobacterium bovis, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, kutoka lishe moja hadi nyingine. Waliendelea kwa miaka 13, mara 230 kwa jumla, mpaka bakteria huyo akapoteza makali, ikapatikana chanjo ya BCG. Miaka ya 1990 ndipo watafiti walipobaini kwamba kipande cha DNA kiitwacho RD1 kilikuwa kimepotea njiani. Humo mna jeni za mfumo wa kutoa protini nje, ESX-1, ambao humsaidia bakteria wa kifua kikuu kutoboa kifuko alichofungiwa ndani ya seli ya kinga. Upotevu huo ulizaa chanjo. Ukitokea kwenye vichupa vyako bila wewe kujua, utavuruga kila unachopima.

Jambo la pili linahusu usomaji. Ukikutana na makala inayodai kwamba jeni fulani huleta ugonjwa, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu. Mtafiti wa bakteria Stanley Falkow alieleza mwaka 1988 ushahidi unaotakiwa: jeni ikiharibiwa, uwezo wa kuambukiza au kudhuru upungue, jeni ikirudishwa, uwezo huo urejee. Hatua hiyo ya kurudisha ndiyo hurukwa, kwa kuwa ni ngumu na inachosha. Bila hiyo huwezi kujua kama uliharibu jeni uliyoilenga tu au na jirani yake pia.

Wala usiridhike na jina la spishi. Mwaka 1996 watafiti Waldor na Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu hubebwa na kirusi kinachoingia ndani ya bakteria wa Vibrio cholerae. Majini wapo Vibrio cholerae wengi wasio na jeni hizo kabisa. Kwa hiyo katika daftari lako andika aina kamili ya bakteria, alikotoka na nani alikupa. Jina la spishi peke yake halimwambii anayerudia kazi yako kama bakteria huyo ana sumu au hana.

Kuna swali ninalolipenda kuliko mengine yote: kimelea kinanufaika nini mtu akiugua? Tuliozoea kuuona ugonjwa kama uharibifu mtupu hulisahau. Utafiti wa Salmonella uliochapishwa mwaka 2010 ulilijibu vizuri ajabu. Bakteria huyo huchochea uvimbe kwenye utumbo, nazo seli za kinga humwaga kemikali kali za oksijeni. Kemikali hizo hugeuza thiosalfeti iliyomo utumboni kuwa tetrathionati. Salmonella anaweza kuitumia tetrathionati hiyo kupumulia mahali pasipo na oksijeni. Bakteria wengi wakaazi wa utumbo hawawezi. Yaani shambulio la kinga humpa nafasi ya kuwashinda wenyeji. Nilipoisoma kazi ile niliacha kupanga majaribio ya bakteria mmoja aliye peke yake ndani ya chupa kana kwamba hana majirani.

Upande wa mgonjwa nao una siri zake. Mwaka 2020 watafiti waliwapima wagonjwa 987 waliozidiwa na UVIKO-19 na kuwakuta 101 wakiwa na kingamwili zinazozima interferoni za mtu mwenyewe, protini za mwanzo kabisa za kupambana na virusi. Katika watu 663 walioambukizwa bila dalili au wakiwa na dalili nyepesi, hakupatikana hata mmoja. Tazama matokeo hayo yalitegemea nini: kuwapo kwa kundi lile la pili. Kama wangekusanya damu za waliozidiwa peke yao, hizo kingamwili zisingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Basi unapoandika pendekezo lako la utafiti, tenga fedha za sampuli za walioambukizwa wasiugue. Ni wagumu kuwapata kwa sababu hawaji hospitalini, na msimamizi wako huenda akakushauri uwaache ili kubana gharama. Itetee hoja yako. Halafu, kabla ya kuchukua tone la kwanza la damu, hakikisha fomu ya ridhaa ina nafasi ya umri, dawa anazotumia mtu na magonjwa aliyowahi kuugua, maana sampuli zikishaondolewa majina hutakuwa na mtu wa kumrudia kumuuliza.