Maswali ya Wasomaji: Makumbusho Yanayomfikisha Mgeni Mlimani

Mwezi huu tumechagua maswali manne kuhusu usanifu wa makumbusho katika maeneo ya volkano.

SWALI: Kiwanja chetu kiko kwenye uwanda wa zaha (lava) iliyoganda, kasoko, yaani mdomo wa volkano, ikionekana kwa mbali. Mteja anataka jengo liwe na umbo la volkano. Tumshauri nini?

JIBU: Mwambieni kwamba mlima ndio kioneshwa kikuu, na jengo ni njia ya kuufikia. Koni ya zege ikisimama mbele ya koni ya kweli hushindana nayo, na ya zege ndiyo itakayoonekana ndogo. Vulcania, kituo cha maonesho ya volkano katika eneo la Auvergne nchini Ufaransa, iliyosanifiwa na Hans Hollein na kufunguliwa mwaka 2002, inayo koni, lakini nguvu yake kubwa iko katika kushuka: sehemu kubwa ya jengo imezamishwa ardhini, na mgeni huteremka akizungukwa na mwamba ule ule aliokuja kuujua. Huko Lanzarote, kisiwa cha volkano cha Uhispania, msanii César Manrique alifanya makubwa kwa kuongeza machache. Jameos del Agua ni pango la zaha ambalo paa lake lilikwisha kuporomoka lenyewe. Yeye akaliwekea njia, bustani na mahali pa kuketi.

Kwa hiyo pangeni mwendo wa mgeni kabla ya kuchora kuta. Auone mlima akishuka garini, aupoteze anapoingia chini, kisha aupate tena mbele ya dirisha moja kubwa. Mteremko wa kuingilia usizidi 1:20 (mita 1 ya kimo kwa kila mita 20 za urefu) ili kiti cha magurudumu kipite bila taabu, na mwanga upungue hatua kwa hatua. Anayetolewa juani na kutumbukizwa gizani ghafla hujikwaa, na dakika zake za kwanza huishia katika kupapasa.

Dirishani ndipo wengi wanapokosea. Chumba kikiwa na mwanga kuliko nje, kioo cha kutazamia mlima hugeuka kioo cha kujitazamia. Kilazeni kwa nyuzi 15, ukingo wa juu ukielekea nje, ili kinachoakisiwa kiwe dari badala ya sura za wageni. Dari hiyo nayo ipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, na isiwe na taa hata moja karibu na kioo. Mbele ya dirisha wekeni modeli ya mlima, kaskazini yake ikilingana na kaskazini halisi. Kwa kipimo cha 1:5,000, kilomita 10 zinakuwa mita 2, na watu kumi wanaweza kuizunguka. Meza iwe na kimo cha sentimita 75, mtoto aifikie. Msiurefushe mlima kwenye modeli ili uvutie: mgeni akiinua macho ataona mlima usiofanana na ule alioushika.

Mlango wa kwenda nje uwe kando ya dirisha hilo hilo, si upande wa duka. Na njia ya nje iwe ya wavu wa chuma ulioinuliwa juu ya vigingi, upana wa mita 1.5, kwa sababu kuvu-mwani na mimea midogo inayoanza kuota juu ya zaha hukanyagwa kwa siku moja na kurudi baada ya miaka mingi.

SWALI: Ardhi ni mwamba mtupu. Je, bado tunahitaji uchunguzi wa kina kabla ya msingi?

JIBU: Unahitajika kuliko kwenye udongo wa kawaida. Ukoko wa zaha unaweza kuwa mgumu juu na kuficha kifusi cha mawe malegevu, au pango tupu ambamo zaha ilipita ikaisha. Pitisheni kwanza rada ya kupenya ardhi, kisha mtoboe chini ya kila nguzo. Tundu moja katikati ya kiwanja halitoshi. Mkikuta pango, msikimbilie kulijaza zege. Huenda maji ya mvua yanapita humo, na mkiyaziba yatatafuta njia kwenye ghala lenu.

Jengo likizama ardhini, fikirieni gesi zinazopenya kutoka ardhini. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, hivyo hujikusanya mahali pa chini. Vitambuzi vifungwe sentimita 30 kutoka sakafuni, si darini kama vya moshi, na kengele ilie ikifika sehemu 5,000 kwa milioni. Chini ya sakafu tandazeni kokoto zenye mabomba ya kutolea gesi nje, juu yake utando usiopitisha hewa. Mahali penye haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, shaba na fedha huwa nyeusi na vifaa vya umeme hufa mapema. Chumba cha mitambo kipate hewa iliyochujwa kwa mkaa amilifu. Wafanyakazi wasitegemee harufu, kwa maana pua huchoka na kuacha kuinusa gesi hiyo wakati bado ipo.

Paa lisiwe bapa. Majivu yaliyolowa, unene wa sentimita 10 tu, yanaweza kuzidi kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Yafagiliwe yakiwa makavu au yenye unyevu kidogo. Kuyapiga maji mengi huongeza uzito na kuziba mifereji.

SWALI: Tungependa mgeni ausikie mlima wenyewe. Inawezekana?

JIBU: Ndiyo, na ni moja ya mambo mazuri mnayoweza kufanya. Sehemu kubwa ya mtetemo wa volkano iko kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 1 na 5, na sikio letu halisikii chini ya takriban hezi 20. Rekodi ikiharakishwa mara 60, hezi 2 huwa hezi 120, mngurumo ambao spika nzuri huutoa bila shida, na saa nzima ya mlima husikika kwa dakika moja. Andikeni wazi kwamba sauti imeharakishwa. Kipima mitetemo kizikwe kwenye mwamba, mamia ya mita kutoka jengoni na barabarani, la sivyo mtakuwa mnasikiliza pampu na viatu. Wekeni cha pili chini ya sakafu, michoro ya vyote viwili ikienda sambamba: watoto wakiruka, wataona mstari mmoja ukicheza na mwingine umetulia.

SWALI: Mawe gani yaruhusiwe kushikwa?

JIBU: Basalti (mwamba mweusi wa zaha) na pumisi (jiwe jepesi lenye matundu), bila hofu. Obsidiani, kioo cha volkano, ilainishwe kingo kwanza, maana hukata kama wembe. Salfa ikae mbali na taa za joto na vitu vya chuma.

Zaha ya Ol Doinyo Lengai nchini Tanzania inastahili kabati lake. Hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, takriban nusu ya joto la zaha ya basalti, huganda nyeusi, kisha unyevu wa hewa huigeuza nyeupe na kuimomonyoa. Fungieni kipande kibichi kwenye sanduku lisilopitisha hewa lenye jeli ya silika (punje za kufyonza unyevu), na kingine kiacheni wazi kando yake. Jeli ibadilishwe mara tu rangi yake inapogeuka; mkichelewa, mtabaki na vipande viwili vyeupe.