Bamia, kiwavi na batiki: ubunifu wangu natoa uani

Wiki iliyopita hoteli moja ya Zanzibar imechukua vitambaa vyangu vyote vya batiki vyenye nakshi ya bamia, halafu ikaagiza vingine vya mapazia. Najisifu, najua, naomba mnivumilie kidogo, maana kuna watu nataka wasome hapa. Tangu niweke picha za mzigo ule, meseji hazikatiki, na karibu zote zinauliza jambo lile lile. Mmoja kaandika: "Dada shikamoo. Na mimi nafanya batiki, lakini nimekauka. Nikitandika kitambaa mezani sioni kitu. Wewe haya mambo unayatoa wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nayatoa uani.

Nyuma ya nyumba yangu, Tabata, kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani, pana kipande cha ardhi ambacho hata Bajaji haigeuki. Kuna mpapai mmoja, mlimao mmoja, pesheni iliyouparamia ukuta wa watu bila kuomba ruhusa, tuta la bamia, mchicha, na mrehani kwenye ndoo zilizopasuka. Vitambaa vyote mlivyoviona vimetoka hapo. Sijasafiri, sijaenda mbugani.

Ngoja niwape historia kidogo, ndipo mtaelewa kwa nini nalisema hili kwa sauti.

Miaka ile naanza, nilipeleka kazi zangu kwenye duka moja la sanaa ambalo sitalitaja. Zilikuwa na maua ya boga, majani ya mpapai, vitu vya kwetu hivi hivi. Mwenye duka akazigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya, akaniambia, "Mama, mzungu hapandi ndege aje kununua mboga. Niletee simba. Niletee Mmasai na mkuki wake." Kulikuwa na wateja dukani, nao wakacheka. Nikakunja vitambaa vyangu, nikapanda daladala nikarudi nyumbani. Kile kicheko bado ninacho sikioni, sitawadanganya.

Simba sina ugomvi naye. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora pale Oyster Bay, mwaka 1968 hivi, kwa rangi za kupakia baiskeli, wanyama na ndege wale walikuwa macho yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo kazi yote iliyompa jina ni ya miaka michache tu. Tatizo ni sisi tuliobaki. Zaidi ya nusu karne baadaye bado tunamnakili tembo yule yule chini ya mbuyu ule ule na jua lile lile jekundu, na wengi wetu tembo tumemwona kwenye noti na kwenye kalenda. Halafu tunalalamika kwamba mteja anashindana na bei. Asishindane vipi, na vibanda vyote vimeuza kitu kimoja?

Turudi kwenye bamia.

Ua la bamia linafunguka asubuhi, na jioni limeshasinyaa. Ni la manjano ya maziwa, na kule ndani kabisa lina doa la zambarau iliyoiva karibu kuwa nyeusi. Lina siku moja tu. Usipotoka asubuhi hiyo, hulioni tena, utaona jingine juu yake. Nililichora sana ua hilo kabla sijagundua kwamba kitu nilichokuwa nakitafuta hakipo kwenye ua, kipo kwenye tunda. Nilikuwa nakata bamia za mchana, moja ikawa imekomaa, ngumu, ya mbegu. Nikaikata kwa upande, kipande kikalala juu ya kibao: pembe tano, vyumba vitano, kila chumba na mbegu yake nyeupe. Nikakata nyingine. Hii ikawa na pembe sita. Ya tatu ilikuwa na tano, lakini upande mmoja umevimba. Mboga ilichelewa siku hiyo na mume wangu alikula wali kwa maharage ya jana.

Nilichovya vile vipande kwenye rangi iliyobaki, nikagonga kwenye gazeti. Batiki hugongwa kwa nta ya moto ili rangi isishike pale penye nta, na bamia yenyewe huwezi kuichovya humo, itaiva mkononi. Kwa hiyo nikazichonga kwenye sponji la godoro, ile ya pembe tano, ile ya sita, na ile iliyovimba. Hasa ile iliyovimba. Ukigonga mihuri mitatu tofauti kwa zamu, kitambaa kinatulia lakini hakilali, jicho linazunguka likitafuta ile iliyopinda. Huo ndio mtindo uliochukuliwa na hoteli.

Na pindo? Pindo ni meno ya kiwavi.

Mlimao wangu hushambuliwa kila mwaka na viwavi wa kipepeo mmoja mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Wakiwa wadogo, ukiwatazama juu ya jani utadhani ni kinyesi cha ndege, kahawia na nyeupe, na nadhani ndivyo ndege wenyewe wanavyodhani, maana wanawapita. Wakikua wanavua ngozi ile wanageuka kijani, wananenepa, na hapo jani linaliwa kuanzia pembeni, nusu duara kwa nusu duara, linabaki na ukingo wa mawimbi. Jirani yangu akanishauri nipige dawa. Ni mtu mwema, na mlimao wake yeye unapendeza. Nikamwambia acha kwanza. Nikachuma majani yaliyoliwa, nikayapanga kwenye karatasi moja baada ya jingine kwa mstari, na pale pale nikaona pindo. Mtu aliyekulia kwenye kanga anajua: mji, ile sehemu ya katikati, unaweza kuwa wowote, lakini pindo ndilo linaloshika nguo nzima. Mimi pindo langu nimechongewa na kiwavi, bure.

Sasa ushauri wenyewe, mdogo wangu, maana najua umenisubiri.

Kaa uani. Kaa kweli, siyo kupita na ndoo. Chukua mmea mmoja, usichukue bustani nzima, utachanganyikiwa. Na usiende wakati ule ule kila siku. Ua la boga linafunguka alfajiri na kufikia mchana limejifunga. Pesheni ya manjano, hii tunayopanda Pwani, haina haraka, inafunguka jua likiwa utosini; ndipo utaziona zile nyuzi zake nyeupe zenye mashina ya zambarau, na juu yake vile vidole vitatu vya kijani. Asumini inasubiri jioni. Mtu anayekwenda bustanini saa kumi na mbili asubuhi peke yake, halafu anasema ameiona bustani yake, hajaiona.

Chora kabla hujagusa simu. Hili nalirudia kwa sababu ndilo gumu. Ukifungua simu kwanza, utakutana na majani ya watu wa Bali na maua ya watu wa Lagos, na mkono wako utayafuata bila wewe kujua. Simu iache ndani. Kaa, tazama, chora.

Na usichague vizuri tu. Jani lenye tundu, tunda lililopinda, shina la mpapai lenye alama za majani yaliyoanguka, chora hivyo. Vizuri vyote vimeshachorwa, tena na watu wenye vifaa kuliko wewe. Nilikuta Kariakoo kitambaa kilichonakiliwa kwangu, bamia zile zile na pindo lile lile, ila aliyenakili aliona vibaya kuacha jani limeliwa, akalinyoosha ukingo. Nilisimama pale nikakitazama, nikakasirika, kisha nikacheka peke yangu hadi muuzaji akaniuliza kama nanunua.

Kuna wanaoniambia, "Dada, bustani yangu ndogo." Kila nikitaja bustani lazima pia atokee msomi mmoja anitajie mchoraji Monet. Haya, tumtaje. Mzee yule wa Ufaransa alinunua kiwanja cha bwawa lake kule Giverny mwaka 1893, na majirani walimpinga wakihofia mimea yake ya kigeni itaharibu maji. Alichora mayungiyungi ya bwawa lile kwa miaka mingi sana, hata macho yalipoingia mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji mwaka 1923 akaendelea. Sawa. Lakini alikuwa na watunza bustani wa kuajiriwa. Mimi namwagilia kwa maji niliyooshea mchele. Ukubwa wa bustani usiwe kisingizio. Ndoo tatu za mrehani dirishani zina kazi ya mwaka mzima kwa mtu mwenye macho.

Tena nasema, tuache uvivu. Wengi hatujakauka, tumechoka kutazama. Msanii anataka apewe wazo likiwa limeshamenywa. Unakuta mtu anatafuta semina ya ubunifu ya kulipia, na nyumbani kwake kuna mkomamanga umepasuka hajawahi kuusogelea. Jamani.

Mambo ya ufundi, kwa kifupi. Nta ya nyuki ni laini, inashika mstari bila kupasuka, kwa hiyo mihuri ya bamia naitumia hiyo kwa wingi. Nikitaka jani lenye mishipa naongeza parafini, ile ya mishumaa, kwa sababu inapasuka ukikunja kitambaa na rangi inapenya kwenye nyufa. Rangi ya kuchovya usiihukumu ikiwa ndani ya ndoo, inakaa vizuri ikikutana na hewa. Vaa glavu, kostiki soda tunayotia kwenye rangi haina urafiki. Na maji yaliyobaki usiyamwage kwenye matuta, utaiua bustani inayokulisha.

Aliyeuliza kuhusu sponji: nenda kwa fundi wa makochi, muombe mabaki ya godoro gumu, laini linabonyea na muhuri unatoka umevimba. Lisiwe jembamba, unene wa vidole viwili hivi unatosha. Chora kwa kalamu ya wino, kata kwa wembe mpya, kisha gundisha kwenye kibao chenye mshikio ili vidole visifike kwenye nta. Na bamia ya kufuatisha chukua iliyokomaa mpaka kisu kinalalamika. Changa ina utelezi, vyumba vyake havionekani sawasawa, hiyo wape watu wa jikoni.