Umeombwa laki tatu ya "kushikiwa nafasi" Ujerumani? Usitume

Mdogo wangu wa Mwanga, Kigoma, huyo anayekudai laki tatu ili akushikie nafasi ya kujitolea Ujerumani, usimtumie hata senti. Mpango wa vijana kujitolea uitwao weltwärts, ambao serikali ya Ujerumani iliuanzisha 2008, unagharamia nauli, malazi, chakula, bima na posho ndogo. Tena vijana wa huku hupitia asasi washirika zilizopo Tanzania, si kwa wakala wa mtaani. Mdai jina la asasi yake na la mshirika wa Ujerumani, kisha waandikie wenyewe uwaulize kama wanamfahamu. Nadhani hapo ndipo simu yake itaanza kutopatikana.

Umri ni 18 hadi 28, na wewe una 26, kwa hiyo usizubae. Toa Sh 150,000 kwenye hiyo laki tatu uombe pasipoti Uhamiaji, ila kitambulisho cha NIDA kwanza. Inayobaki jifunzie Kijerumani. Viza ni ubalozini Dar es Salaam, na kutoka Kigoma unajua mwenyewe safari ilivyo.

Na yule mama aliyeuliza pia, anayefundisha kisomo (watu wazima kusoma na kuandika), mpango huu wa vijana haumhusu. Walimu hupelekwa nje zaidi kupitia taasisi zao. Aanze kwa afisa elimu ya watu wazima pale manispaa.