Programu ya afya ya uzazi na fomu ya usajili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhandisi wa programu za kompyuta, mkazi wa Mwanga, Kigoma. Nikishirikiana na muuguzi mmoja, ninatengeneza programu ya simu itakayojibu maswali ya afya ya uzazi na ya faragha za chumbani, kuanzia magonjwa ya ngono hadi maumivu wakati wa tendo la ndoa. Mfadhili anataka kila mtumiaji ajisajili kwa jina, umri, hali ya ndoa na kijiji, ili takwimu zionekane. Sisi tunataka pia huduma iwafae viziwi na wasioona. Tuanzie wapi?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni kwa kuiondoa fomu hiyo. Binti wa Ujiji ambaye hajaolewa, akikutana na swali la hali ya ndoa kabla hajauliza lolote kuhusu kisonono, ataifunga programu palepale. Na mjane wa miaka sitini ataamini kwamba mambo haya hayamhusu tena. Mfadhili anaweza kupewa idadi ya maswali yaliyoulizwa kwa kila mada na kwa kila mwezi, bila jina la mtu hata mmoja. Vilevile, msimlazimishe mtu kueleza mwenza wake ni nani ndipo apewe jibu.

Suala hili lina upande wa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata. Tahadhari zaidi inahitajika kwa vipande vya msimbo vya bure ambavyo wahandisi hupachika ili kuhesabu watumiaji, kwani huweza kupeleka taarifa nje bila mtumiaji kujua. Mwaka 2021, mamlaka ya biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Flo, yenye programu ya kufuatilia hedhi, baada ya kuituhumu kwamba ilizifikisha taarifa za afya za watumiaji kwa Facebook na Google ilhali iliwaahidi usiri.

Hatari ya karibu zaidi, hata hivyo, imo nyumbani. Simu nyingi za kwetu hushikwa na zaidi ya mtu mmoja, na ujumbe usemao “Kumbuka sindano yako ya uzazi wa mpango” ukitokea kwenye kioo wakati simu iko mkekani mbele ya mawifi, siri imekwisha. Andikeni tu “Una miadi wiki hii”. Kwa wenye vitochi, menyu ya nyota na reli kama ile ya kutuma pesa ni bora kuliko ujumbe mfupi, kwa sababu kwa kawaida haiachi maandishi kwenye kisanduku cha ujumbe; lakini msiwaahidi usiri kamili, kwa kuwa mawasiliano hayo hupitia mitambo ya kampuni ya simu.

Kuhusu wasioona, washeni TalkBack, yaani kisomaji cha simu za Android kinachotaja kwa sauti yaliyo kwenye kioo, fumbeni macho, kisha mtafute ukurasa wa kondomu. Mkisikia “kitufe, kitufe, kitufe”, mjue kwamba picha zenu hazikupewa maelezo. Viziwi wanahitaji video za Lugha ya Alama ya Tanzania. Maandishi peke yake hayatoshi, maana wapo wasiosoma Kiswahili kwa wepesi. Msichukue mkalimani wa kanisani bila kuwauliza viziwi wenyewe, kwani huenda asijue, au akaona haya kutumia, alama za viungo vya uzazi. Video ziwe fupi na nyepesi, kwa sababu bando ni ghali. Sauti za Kiha kwa akina mama wa Kasulu na Buhigwe zinaweza kufuata baadaye.

Namba za simu mtakazozihifadhi kwa ajili ya vikumbusho ni taarifa binafsi, hata bila majina. Kwa hiyo jisajilini katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya majaribio ya kwanza, na mfadhili aelezwe mapema kwamba hatakabidhiwa orodha hiyo.